Saladi inaungua katikati, mrihani unageuka njano chini ya taa: niongeze nini?

MwagaMaji

Wakuu, salaam. Nina beseni la lita 20 lenye kifuniko cha matundu sita: saladi nne na miche miwili ya mrihani. Mizizi inaning'inia majini, pampu ya hewa inatokota usiku na mchana, na juu nimetundika taa nyeupe ya LED, sentimita 25 kutoka kwenye majani. Inawaka saa 18 kwa siku. Ni chumba cha stoo, mlango muda mwingi umefungwa.

Wiki tatu za mwanzo kila mgeni nilimpeleka stoo akaone. Siku hizi wageni wanaishia sebuleni.

Saladi: majani madogo ya katikati kabisa, yale ambayo bado yamejikunja, yana ukingo wa kahawia kama karatasi iliyopitishwa karibu na mshumaa. Majani ya nje ni mazima, hata doa hayana. Mrihani: majani mapya ya juu ni njano, ya chini ni kijani kabisa.

Nilisoma kwamba ukingo wa kahawia ni upungufu wa kalsiamu, nikatia mchanganyiko wa kalsiamu na magnesiamu. Siku ya nne sikuona badiliko, nikatia tena. EC, yaani kipimo cha wingi wa chumvi za mbolea majini, ilianza 1.2, baada ya kutia mara mbili ikafika 1.7, na leo asubuhi inasoma 2.3 bila mimi kugusa kitu. Maji yamebaki kama lita 14. pH, yaani uchachu wa maji, ni 5.9, hiyo naichunga kweli kweli. Joto la maji ni 21. Nimegeuza majani, sijaona mdudu.

Picha tatu hizo hapo. Niongeze nini? Natanguliza shukrani.

JuaLaNdani

Taa hiyo. Sentimita 25 kwa saa 18, unaikaanga mimea. Ipandishe hadi 45 uone. Majani ya juu ndiyo yanayopigwa kwanza, hapo hakuna mjadala.

MizaniYaMaji

Mjadala upo, mkuu. Anayepigwa na taa kwenye saladi angekuwa jani la nje lililojianika, si kitoto kilichojificha katikati.

Mleta mada, kwanza usiongeze kitu. Naona una matatizo mawili tofauti kwenye beseni moja, na dawa uliyotia haikugusa hata moja.

Tuanze na saladi. Ni kweli sehemu inayokufa imekosa kalsiamu, lakini hiyo haina maana kwamba majini haimo. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi, na maji hupanda pale jani linapotoa mvuke. Jani kubwa la nje linatoa mvuke mwingi, basi linavuta kalsiamu kwa wingi. Jani dogo la katikati limezungukwa na hewa nzito isiyotembea, halitoi mvuke, halivuti kitu. Na kalsiamu ikishakaa kwenye jani la zamani haihami kwenda kwa jani changa. Juu ya hapo saa 18 za mwanga zinalihimiza likue haraka kuliko linavyolishwa.

Sasa tazama namba zako mwenyewe. Maji yameshuka, EC imepanda, na wewe hukutia kitu. Mimea inakunywa maji na kukuachia chumvi. Hapo inakwambia chakula ni kikali mno, na kadiri chumvi inavyozidi ndivyo mizizi inavyopata taabu kuvuta maji, yaani hata hiyo kalsiamu inapanda kwa shida zaidi. Ulikuwa unaizidishia.

Mrihani sijui bado. Picha mbili umezipiga chini ya taa yenyewe, rangi zimeoshwa. Toa mche mmoja nje ya mwanga huo upige upya, na uniangalilie mambo haya:

Tafuta jani la juu ambalo kipande chake kimefunikwa na jani jingine. Mwanga ukizidi, palipofunikwa hubaki kijani, na ukiinua jani la juu unakuta mchoro wa kivuli chake, kama alama inayobaki mkononi ukivua saa. Kama palipofunikwa ni njano vilevile, taa haina kesi.

Kisha tazama mishipa ya jani. Ni njano pia, au imebaki kijani?

Halafu hiyo kalamu ya kupimia pH. Uliisahihisha lini?

KapuLaMizizi

Naongezea tu: kabla ya kusema hakuna mdudu, tumia lenzi. Utitiri ni mdogo sana, kwa macho unaona vumbi. Vithiripi huacha michirizi ya rangi ya fedha yenye vitone vyeusi. Ila kwa maelezo yako namuunga mkono Mizani, wadudu hawachagui majani kwa mpangilio hivyo.

MwagaMaji

Nimerudi, na aibu kidogo.

Jani lililofunikwa ni njano vilevile, hakuna mchoro wowote. Mishipa ni kijani, imejichora kama wavu juu ya njano. JuaLaNdani, taa yako imeachiwa huru.

Kalamu sasa. Swali lako lilinikera, maana kila asubuhi naitumbukiza kabla hata ya kunywa chai. Nikafungua kifuniko chake: pakavu, na kwenye ncha kuna ukoko mweupe. Ile pakiti ya maji ya kusahihishia, yenye pH ya 7.00 kamili, iliyokuja nayo sikuwahi kuifungua. Nimeifungua leo. Kalamu inasoma 6.1. Nikasuuza, nikasubiri, nikarudia. 6.1.

MizaniYaMaji

Basi 5.9 yako ni kama 6.8. Umekuwa ukiichunga namba ya uongo kwa uaminifu mkubwa.

Njano kwenye majani mapya na mishipa ya kijani: hiyo ni chuma. Ingekuwa magnesiamu, ingeanza majani ya chini, kwa sababu mmea huihamisha kutoka kwa ya zamani kulisha mapya. Chuma haihami. Na huna haja ya kununua chuma, imo majini, ila pH ikipanda inaganda na mizizi haiwezi kuichukua. Mbolea nyingi hutumia chuma iliyofungwa kwa EDTA, kemikali inayoizuia isigande, na pH ikipita 6.5 hivi EDTA huanza kuiachia.

Loweka ncha ya kalamu kwenye maji ya kuhifadhia, uisahihishe kwa 7.00 na kwa 4.01 pia. Ikigoma, nunua nyingine. Mwaga maji yote, changanya upya EC 1.2, pH 5.8. Taa saa 14. Na tafuta feni ndogo.

KapuLaMizizi

Na ukichanganya upya, naitreti ya kalsiamu na chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu) zisikutane zikiwa nzito. Kila moja iyeyushe ndani ya maji mengi peke yake, la sivyo unapata unga mweupe chini ya beseni na virutubisho vimekwenda nao.

MwagaMaji

Siku ya tisa. Kalamu ilikubali kusahihishwa, sasa inalala kwenye maji yake. Mrihani umetoa majani manne ya kijani juu, na yale ya njano yanarudi polepole. Saladi tatu zimefungua majani mapya bila ukingo wa kahawia. Ya nne bado ina doa dogo katikati.

MizaniYaMaji

Zile ncha za kahawia za zamani hazitarudi, zikate ule kilichobaki. Feni inapuliza kutoka wapi?

MwagaMaji

Ubavuni, upande wa mlango.

MizaniYaMaji

Na hiyo ya nne iko upande wa ukutani.

MwagaMaji

Umejuaje?

MizaniYaMaji

Itundike juu, hewa ishukie katikati ya saladi.