Wanaojaza ritani Dodoma: mteja anataka nimtafutie risiti za kuongezea, namkataliaje mzee wa watu?

Binti Hesabu (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wadau wa kodi, hasa mlioko huku makao makuu. Naombeni ushauri wa wanaofanya kazi hii kila siku, hili jambo linaninyima usingizi kwel.

Nina mteja, mzee mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi pande za Nkuhungu, sementi, nondo, mabati, rangi, na toka serikali ihamie huku na watu waanze kujenga biashara yake imekua mpaka kasajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Ni rafiki wa marehemu baba, ananijua toka navaa sare za shule ya msingi, shikamoo yangu kwake ni ya kupiga goti kabisa. Sasa ritani ya VAT, ile taarifa ya kodi ya kila mwezi, mwisho ni tarehe 20, yeye anakuja tarehe 19 magharibi na kiroba. Mwezi uliopita nilikimwaga mezani nikakuta risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) zimefutika hata tarehe huoni, risiti ya dizeli ya trekta la shambani kwake Kongwa, ada ya mjukuu, kitenge doti moja, halafu zile za sementi ambazo ndo zenye hela zimeandikwa jina na TIN (namba ya mlipakodi) ya shemeji yake kwa sababu ndo aliyemtuma kwenda kuchukua mzigo.

Hayo yote nilikuwa navumilia. Safari hii kaja na jipya, anasema kuna kijana mjini anauza risiti, unampa TIN yako na kiasi unachotaka anakutolea, kwa hiyo mimi nipige hesabu nimwambie zinahitajika za shilingi ngapi ili VAT ishuke, maana VAT ya manunuzi inatolewa kwenye VAT ya mauzo. Nikamwambia mzee wangu hiyo haiwezekani, akanijibu "mwanangu, mhasibu wa jirani yangu anamfanyia kila mwezi, wewe kisomo chote kile unashindwa nini?" Na akaenda kumwambia mama kwamba nimekuwa na kiburi.

Namkataliaje bila kumvunjia heshima? Au nimwache tu? Ndo mteja wangu mkubwa, na nywila ya akaunti yake ya TRA (mamlaka ya mapato) ninayo mimi.

Mzee wa Ledja

Pole binti yangu. Nimefanya hii kazi toka enzi tunapeleka ritani za karatasi na kupanga foleni, wateja wa hivi nawajua.

Kwanza usimpe hotuba ya sheria. Mzee wa dukani haelewi kifungu, anaelewa hasara, kwa hiyo kaa naye na kalamu. Akinunua risiti ya mzigo wa milioni 10 anaona kaokoa milioni 1 na laki 8 ya VAT, halafu kamlipa kijana sehemu yake. Sasa muulize siku huyo kijana akikamatwa itakuwaje, maana mashine ya EFD inatuma kila risiti TRA, na wakishajua kwamba yule hakuwahi kuwa na mzigo hawahangaiki kutafuta, wanafungua tu orodha ya wote aliowatolea risiti na jina la mzee limo na TIN yake. Wakija dukani watauliza mzigo uliletwa na gari gani, delivari noti iko wapi, ulilipa kwa benki ipi, umeshushwa stoo gani. Risiti inasema mifuko 600 ya sementi na stoo yake ukipanga mpaka darini haiingii hata 300, atajibu nini? Hapo atarudisha ile milioni 1.8, juu yake riba na faini, na kesi ya jinai inaweza kufuata, na hela ya kijana hairudi.

La pili ni lako wewe. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 haimshiki mwenye duka peke yake, anayesaidia naye yumo. Siku hiyo hatakumbuka kwamba ulikuwa mtoto wa rafiki yake, atasema "mimi sijasoma, aliyejaza ni yule binti". Nimeshuhudia mtu akisemwa hivyo mbele ya meza ya mkaguzi, na aliyekuwa anasema alikuwa mjomba wake wa damu.

Kalamu Nyekundu

Dada pole sana ila nimecheka kitenge doti moja 😂😂 wangu ana duka la jumla Majengo, nikamwambia mama tafadhali andika mauzo ya kila siku kwenye daftari ili tulinganishe na ripoti ya Z ya mashine, ile ya jumla ya mauzo ya siku, akakubali vizuri kabisa. Mwisho wa mwezi kaleta daftari safi limepigwa mistari kwa rula, nafungua nakuta Jumatatu "siku mbaya", Jumanne "afadhali", Jumamosi "Mungu alijalia". Hakuna tarakimu hata moja mwezi mzima!

Na yule wa kusema "kodi si nililipa mwezi wa tatu?" huyo sote tunaye. Kila mwaka namweleza kwamba yale ni makadirio, yanalipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba kwa anayefunga hesabu Desemba, halafu ritani ya mwisho wa mwaka inaingia kabla Juni haijaisha. Ananisikiliza anatikisa kichwa, anasema "sawa, kwa hiyo hii nyingine ni ya nini?"

Sokoni Kibaigwa

Mimi nataka kuongelea zile risiti zilizofutika maana hapo ndo watu wanapoteza hela ya halali kabisa halafu wanaenda kutafuta ya haramu. Ile karatasi inafutika yenyewe, ukiiweka kwenye gari au karibu na jiko ndo kabisaa. Dawa yake ni kupiga picha siku hiyohiyo, na pale chini kuna namba ya uhakiki, hata maandishi mengine yakififia ukiwa na hiyo namba na muda unaiangalia kwenye mtandao wa uhakiki wa TRA unaiona yote. Kumbukumbu zenyewe zinatakiwa zikae miaka mitano sasa karatasi ya miezi mitatu ukiiacha kwenye kiroba utaipata wapi?

Na VAT ya manunuzi ambayo hakuidai kwa mwezi husika anaweza kuidai ndani ya miezi sita, kwa hiyo binti rudi kwenye viroba vya nyuma utafute, unaweza kukuta humo humo kuna hela yake inayozidi hizo risiti za kununua. Ila za jina la shemeji sahau. Mwambie anayetumwa mzigo abebe karatasi yenye jina la biashara, TIN na VRN (namba ya usajili wa VAT) ya mzee, aiweke mezani kabla muuzaji hajabonyeza mashine.

Sisi wa mahindi tuna yetu, mkulima hana EFD, kwa hiyo mteja ananunua tani kwa tani na karatasi hakuna. Ninachowalazimisha ni jina la mkulima, kijiji, simu, kilo na bei, malipo yapite kwenye simu, na stakabadhi ya ushuru wa mazao ya halmashauri ibanwe pale pale kwenye ukurasa. Bila hivyo mkaguzi anayaweka manunuzi yote pembeni na mteja anaonekana mahindi yalishuka toka mbinguni.

Mtu wa Chamwino

Naona mnashauri kama vile wote mna mishahara. Mteja mkubwa akiondoka pango la ofisi analipa nani? Hao vijana wa risiti wapo na watu wanapita. Mwambie mzee afanye mwenyewe, alete risiti, wewe jaza tu, usiulize zimetoka wapi.

Mzee wa Ledja

@Mtu wa Chamwino kaka nakuelewa, njaa ni kitu kibaya. Lakini huyu binti ameshaambiwa, hawezi tena kusema hajui. Akijaza anajaza akijua. Na tuseme ukweli, mteja wa kukaa naye kwa uongo hakai, siku akipata wa bei ndogo anahama na siri zako anazo. Mimi nimepoteza wateja wa hivyo na pango nimelipa, kwa sababu wale wadogowadogo waliobaki ndo walioniletea ndugu zao.

Mama Ritani

Wangu sio mbishi, tatizo lake ni droo. Barua yoyote ya TRA anaipokea vizuri, anasaini, anaiweka kwenye droo ya kaunta na kufunga kwa ufunguo, anasema "nilikuwa nasubiri uje". Moja ilikuwa ya tathmini ya kodi, na pingamizi lina siku 30 tu toka upokee. Nilivyoiona siku zilikuwa zimebaki za kuhesabu vidole, nikamwambia mama twende sasa hivi. Maana pingamizi lenyewe halipokelewi bure, unatakiwa ulipe ile kodi ambayo hubishanii au theluthi moja ya iliyotathminiwa, kati ya hizo mbili unalipa iliyo kubwa, na kama huna unaandika kuomba upunguziwe na unaeleza sababu. Yeye alidhani pingamizi ni kwenda kumlilia meneja.

Toka hapo nimemfundisha mwanae wa kidato cha tatu, bahasha yenye nembo ya TRA piga picha nitumie WhatsApp hata usiku. Binti Hesabu, na wewe tafuta mtu wa hivyo ndani ya duka. Mzee humuwezi peke yako.

Posho ya Mtumba

Mimi wangu wanapeleka chakula na vifaa wizarani huko Mtumba. Wakikatwa ile kodi ya zuio wakati wa kulipwa, asilimia 2 ya bidhaa, au 5 kwa wa huduma, wanaamini kodi imeisha, hata cheti cha zuio hawachukui. Bila cheti siwezi kuwapunguzia kwenye kodi ya mwaka, halafu lawama kwangu! Siku hizi sianzi kazi mpaka vyeti viwe mezani na nusu ya malipo yangu imeingia, kwa sababu nikishamaliza wanasema "si umebonyeza kompyuta tu".

Binti Hesabu

Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili. Pale kaunta anakaa binti yake mkubwa, ndo anayebonyeza EFD na ana akili sana, sijui kwa nini sikumfikiria. Nitakwenda mapema, nipite na kwa mama kwanza nimweleze asije akasikia upande mmoja. Nimeanza kuchambua viroba vya nyuma na kweli kuna risiti za nondo nzuri tu hazijadaiwa na bado zimo ndani ya miezi sita.

Swali la mwisho, akikataa akasema lazima risiti za yule kijana, zile nyaraka zake na nywila nafanyaje? Na nikiwa nafuata risiti dukani kila Jumamosi nimtoze kiasi gani?

Mzee wa Ledja

Akikataa mrudishie vyote ndani ya wiki hiyohiyo hata kama anakudai au unamdai, orodhesha kwenye karatasi mbili, asaini zote mbili na moja ubaki nayo. Nywila abadilishe mkiwa mmekaa wote, kwa simu yake. Na umwandikie barua fupi kwamba kuanzia mwezi fulani hujazi tena ritani zake, bila kutaja sababu, na umkumbushe tarehe 20 ili asije akachelewa kwa ajili yako.

Bei ya Jumamosi usiitaje peke yake, ataikata. Iweke ndani ya malipo ya mwezi pamoja na nauli ya bajaji, halafu mwambie binti yake kwamba kinachokuja baada ya tarehe 10 kina bei nyingine. Mwambie binti, sio mzee.