Anti wa deikea kampiga mtoto picha kajikojolea akaiweka status, je nakuza mambo?

MamaDagaa:
Wakuu mwangaluka, poleni na majukumu. Naomba ushauri hasa kwa wazazi wa huku Mwanza, na kama kuna mtu aliwahi kufanya kazi deikea ndo kabisa namhitaji.

Nina kijana wangu ana miaka minne, nampeleka kituo kimoja huku Igoma, jina siweki. Mimi natoka alfajiri naenda Mwaloni Kirumba kuchukua dagaa, baba yake yuko kisiwani Ukara anavua dagaa usiku na karabai zake, anarudi mbalamwezi ikiwaka, bibi yake yuko Magu, kwa hiyo wa kumwachia sina. Kituo kwa kweli sio kibaya, uzio upo, uji wanapata wa kutosha, mtoto namkuta msafi kila siku na sijawahi kugombana nao hata kwenye ada.

Sasa wiki iliyopita nimefika kumchukua namkuta kavaa kaptula sio yake, kuuliza naambiwa kajikojolea akiwa kalala mchana, nikasema sawa, mtoto ni mtoto. Usiku naperuzi status za wasap nakutana na picha kapost anti wake, mwanangu kasimamishwa mbele ya darasa kaptula imelowa mpaka magotini, wenzake wamekaa kwenye mkeka wanamcheka, juu kaandika "kikojozi wetu wa leo" na vikatuni vya kucheka machozi. Nikamwandikia kistaarabu tu, akafuta, akanijibu mama usimaindi tunataniana nae ili azoee kuomba chooni. Mume wangu kwenye simu nae ananiambia nakuza mambo, kwani kuna mtu kampiga?

Ila toka siku ile mtoto akiona begi asubuhi anaenda kujibanza nyuma ya pipa la maji. Na hata hapa nyumbani akijikojolea siku hizi anavua nguo anaisokomeza chini ya godoro, anakuja kwangu hana nguo anasema hajui iko wapi. Zamani alikua anakuja tu, mama nimekojoa, tunacheka tunabadilisha yanaisha.

Nimhamishe, niende kwa mwenye kituo, au kweli nakuza? Na hivi sheria inasemaje kwenye vitu kama hivi au ni hiari ya kituo tu? Nawasilisha.

Kichwa_cha_Sato:
Dada sisi tulisimamishwa na kaptula zimelowa na bakora juu na tumekua, wengine ni mainjinia leo. Shuleni kwenyewe viboko vinaruhusiwa sembuse kuchekwa. Mtoto anakula anashiba analala, shukuru Mungu. Ukihama hapo utaenda kulipa mara mbili ukute na uji wenyewe wanachanganya na maji.

anti_mstaafu:
MamaDagaa hukuzi kitu. Nimekaa deikea miaka mingi kabla sijafungua duka langu hapa Buhongwa, nikwambie jinsi inavyokua ndani.

Mchana baada ya kula watoto wanalazwa wote kwa pamoja, na kwenye vituo vingi hapo ndo anti mmoja anabaki nao mwenyewe, mwenzake anaosha vyombo au kapumzika kidogo. Mtoto wa miaka minne akiwa usingizini haombi chooni, hata umuaibishe mwaka mzima kibofu hakisikii aibu. Dawa yake inajulikana, unampeleka kabla hajalala, unapunguza uji wa saa sita, na kwenye begi lake inakaa kaptula ya akiba. Akilowa unamchukua taratibu kama unaenda nae kunawa, unambadilisha, anarudi kwenye mkeka wenzake hata hawajui. Ni kazi ya dakika chache na haihitaji chuo. Anti anayemsimamisha mbele kachoka, au kalipwa vibaya, au yeye mwenyewe kalelewa hivyo hivyo kama bwana Sato hapo juu, namuelewa kabisa, ila kumuelewa sio kumruhusu.

Sasa ngoja nikwambie kinachonitisha kwenye maelezo yako. Sio hata picha. Ni hiyo kaptula chini ya godoro. Mtoto wako kashajifunza kwamba jambo la mwilini mwake likienda vibaya, mtu mzima akijua ni aibu, kwa hiyo afiche. Mtu mwenye nia mbaya na watoto ndo mtoto wa aina hiyo anamtafuta, hana haja ya kumtisha tena maana kazi ishafanywa na watu wazuri waliokua wanatania. Ndo maana mimi wakisema kituo kiko salama kina geti na uzio nauliza na ndani ya uzio mnaongea na watoto vipi. Uzio unazuia mtu wa nje tu.

Nenda kwa mwenye kituo, usiende na hasira, nenda na maswali. Nani anawapeleka chooni, na mlango wa choo unaonekana kutoka pale wanapokaa watu wengine au uko nyuma ya jengo peke yake? Nani anawabadilisha nguo na wapi? Simu za maanti zinakaa wapi muda wa kazi, sisi tulikua tunaziacha kwenye droo ya ofisi tunazichukua saa ya mapumziko, na hakuna aliyekufa. Mlinzi, mpishi, mtoto mkubwa wa mwenye nyumba, hao wanaingia anapolala mtoto wako au hawaingii? Mwenye kituo akijibu bila kukasirika hapo una kituo. Akianza kusema wewe mzazi una dharau, beba begi lako.

Na kitu kingine, muulize mtoto mwenyewe. Sio "anti alikufanya nini", hapo atanyamaza. Kaa nae mkichambua dagaa mwambie ukienda deikea unapenda nini, hupendi nini, mwache aongee asipoongea acha.

BodaBuzuruga:
Mimi nachangia kwa upande wa usafiri. Nabeba watoto wa deikea na chekechea, nina kama familia kadhaa za kudumu. Wazazi mnahangaika na mambo ya ndani lakini getini pale hamjui yanayofanyika. Mimi naweza kufika kituo chochote na rifleksa yangu nikasema nimekuja kumchukua Junia, natolewa Junia. Kuna siku nilitumwa na mama mmoja alikua kakwama Sengerema, nimefika sijulikani pale hata kidogo, nikapewa mtoto na begi na chupa ya maji wala hawakuniuliza jina. Nilifurahi kwa sababu nilikua na haraka, nikiwa njiani nimempakia mbele ndo nikafikiria sa mbona nimepewa hivi hivi.

Kuna kituo kimoja tu napeleka watoto ambacho kina kaunta buku, kila mtoto ameandikwa nani na nani wanaruhusiwa kumchukua na namba zao. Akija mtu mwingine wanampigia mzazi kwa namba iliyo kwenye kitabu, sio namba anayoitaja huyo mtu, wanaongea nae wasikie sauti yake, ndo unapewa. Na unasaini saa. Mwanzo nilikua nawaona wananichelewesha na abiria wengine. Saivi nikimaliza pale nawaambia wazazi wengine wakadai na kwao kiwepo.

Na wanaowapakia watoto wanne kwenye piki moja hao hata msiwape, mimi nasema ingawa ni wenzangu wa kijiwe.

ustawi_kanda_ya_ziwa:
Habari zenu. Nafanya kazi ya ustawi wa jamii halmashauri moja huku kanda ya ziwa, naongea kwa nafsi yangu sio kwa niaba ya ofisi.

Kwanza kwa ndugu Sato. Viboko vya shuleni vina kanuni zake za mwaka 2002, ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi 4, na vinaandikwa kwenye kitabu. Hiyo ni shule. Deikea haimo humo, usiihamishe kanuni ikalete ruhusa ambayo haikutolewa. Wanaolelewa deikea wako chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 na sheria hiyo haiishii kwenye kupiga tu, inakataza pia kumtendea mtoto kwa namna ya kumdhalilisha. Tena inasema kumrekebisha mtoto hakukubaliki kama kwa udogo wake hawezi kuelewa anarekebishwa kwa nini. Sasa mtoto wa miaka minne aliyekojoa usingizini ataelewa nini hapo? Kwa hiyo ukimjibu mumeo mwambie kumbe hata ambaye hajapigwa sheria inamuona.

Picha nayo ina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 ikaanza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi nyeti. Kituo hakiwezi kujisemea tunapost tu kwa matangazo. Ukipewa fomu ya kujiunga tafuta sehemu ya picha, kama haipo iandike mwenyewe kwa kalamu, siruhusu picha ya mwanangu kwenye mitandao, uweke saini, na ubaki na nakala.

Ufanye nini sasa. Kama una skrinishoti ya ile status itunze ila usiirushe kwenye magrupu, maana utakua unamuaibisha mtoto mara ya pili. Ongea na mwenye kituo, na mkikubaliana yaandikwe hata kwa meseji. Omba akuonyeshe cheti cha usajili, kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na sisi ustawi ndo tunakikagua, tukikuta hakijasajiliwa kuna hatua. Asipokusikiliza nenda kwa afisa ustawi wa kata au anza na mwenyekiti wa mtaa, huko kuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zingine zimelala kidogo lakini ukigonga zinaamka. Wengi wanafikiri kuripoti ni umbea, Sheria ya Mtoto hiyo hiyo inasema mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa serikali ya mtaa. Kama huwezi kutoka kuna namba 116, ni bure mtandao wowote, na watoto wenyewe wanaruhusiwa kupiga.

Ikitokea (Mungu aepushe) unahisi mtoto kaguswa au kaumizwa, hapo usianze na kikao na kituo. Usimuogeshe, usifue nguo aliyovaa, moja kwa moja polisi dawati la jinsia na watoto, wanakupa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, mnaenda hospitali. Sio kutishana. Utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikutana na ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na wavulana wengi hawakumwambia mtu. Alichosema anti_mstaafu kuhusu kuficha kisomeni tena.

Kichwa_cha_Sato:
Sawa mkuu nimesoma. Ile ya kanuni za viboko nilikua sijui kama vinaandikwa kwenye kitabu, enzi zetu kitabu kilikua mgongo. Bado naona dunia imekua laini ila ya picha nakubali, mtoto wangu angewekwa status ningepasua simu ya mtu.

NyegeziFinest:
Wakati mko hapo mtusaidie na hizi programu za likizo. Mwezi wa sita mwaka huu kituo cha huku kwetu kilitaka kuwapeleka watoto ziwani "kuogelea na kuchoma sato", karatasi nimeletewa ina sehemu ya kulipa tu. Nikauliza jaketi okozi ngapi, anayejua kuogelea kati ya walimu ni nani, naambiwa maji ni ya magotini. Maji ya magotini yenye majani ndo kichocho kilipo, na mawe yetu mnayajua, hatua moja magoti hatua ya pili kichwa. Niligoma kusaini wangu akabaki nyumbani kalia siku nzima. Wazazi wengine walinisema najidai, siku yenyewe walioenda hawakufika nusu.

anti_mstaafu:
@NyegeziFinest na waliogoma ungewaunganisha mkaenda pamoja. Mzazi mmoja akiuliza anaitwa mkorofi, wakiwa sita kinaitwa kikao cha wazazi.

MamaDagaa:
Asanteni wote nimerudi na mrejesho. Nilienda jana mchana bila kutoa taarifa, nikawakuta wamelala, choo kweli kiko nyuma ya jengo huwezi kukiona ukiwa ndani. Mwenye kituo ni mama mtu mzima, picha alikua hajaiona, nilipomuonyesha alikaa chini. Kamuita anti akaomba radhi mbele yangu, nikasema mimi sawa ila aliyechekwa sio mimi, basi mtoto alipoamka anti akamfuata akachuchumaa akamwambia nilikukosea sitarudia. Mwanangu kamuangalia tu akauliza, "na kaptula yangu nyingine itakaa kwenye begi?" Ikabidi wote tucheke. Leo kaenda, kagoma kidogo mlangoni ila kaenda, na begi kakagua mwenyewe kabla hatujatoka.

Simu zimeanza kukaa ofisini. Kaunta buku la kuchukulia watoto wameniambia nilete mimi basi nitawanunulia hapo Makoroboi, sio hela. Kilichobaki ni cheti cha usajili, kasema kiko kwa mumewe kasafiri nacho, ananiomba hadi mwisho wa mwezi.

ustawi_kanda_ya_ziwa:
Cheti hakisafiri na mume dada. Usisubiri mwisho wa mwezi, kesho asubuhi pita kata uulize kama kituo kipo kwenye orodha yao.

MamaDagaa:
Mh. Haya, kesho nikitoka mwaloni napitia.