MREJESHO: Nimeona data zangu, kumbe nacheza gofu

Mwezi uliopita niliuliza nitajuaje kampuni ya matangazo inayonitumia SMS za mikopo na viwanja kila siku ina nini kunihusu. Mkanielekeza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 26, kinachonipa haki ya kuona data zangu. Asanteni.

Niliiandikia kampuni hiyo baruapepe fupi kuomba data zangu. Kimya. Kanuni za 2021 za sheria hiyo zinawapa siku 7 kujibu, tena bila malipo, kwa hiyo siku ya nane nikawakumbusha na kumtaja Kamishna wa Data, msimamizi wa sheria hiyo. Jibu likaja jioni hiyo hiyo!

Faili lenyewe ni kichekesho. Namba ya simu sawa, mtaa wangu wa zamani Nakuru sawa. Halafu eti nina watoto watatu, nina gari, na napenda gofu. Gofu naionea kwenye runinga ya kinyozi! Kilichoniuma ni safu ya "chanzo": fomu ya bahati nasibu niliyojaza supamaketi, nimeenda zangu kununua unga.

Nimewataka wafute zote, wamesema wamefuta. Tangu Jumatano simu imetulia, ila jana imeingia moja ya viwanja Kitengela, namba tofauti kabisa. Hao nao nimeshawaandikia.