Damu baada ya kujifungua: kwani dawa hakuna?

Swali
Wadau, dada yangu alijifungua salama, saa moja baadaye tukawa tunakimbizana na damu. Amepona, ila mimi bado usingizi hauji. Nimesoma kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 duniani walikufa kwa sababu za ujauzito na uzazi. Kwani dawa hakuna?

Jibu (mkunga, miaka 19 wodini)
Pole sana. Dawa ipo: oksitosini, mtoto akishatoka tu. Ila haipendi joto. Inataka nyuzi 2 hadi 8, friji likizimika nguvu inapungua. Lakini mimi nalaumu zaidi macho yetu. Tulikuwa tunakadiria damu kwa kutazama shuka, na karibu kila mara tulikadiria pungufu. Sasa kuna mfuko wa plastiki wenye vipimo, unawekwa chini ya mama. Utafiti wa 2023 katika nchi nne za Afrika ulionyesha kuwa ukipima hivyo na kutoa matibabu yote kwa mkupuo, visa vya damu nyingi ya hatari hupungua kwa asilimia 60.

Jibu
Na watoto je? Wangu alizaliwa na kilo 1.6. Nilimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, wiki tano. Mgongo uliniuma! Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri watoto njiti (waliozaliwa kabla ya wakati) waanzishiwe hivyo mara tu wanapozaliwa.

Muuliza swali
Asanteni. Mkunga, huo mfuko niuulizieje?

Mkunga
Sema "mfuko wa kupimia damu". Na uliza mapema, kabla uchungu haujaanza.