Naomba ushauri: uzamili wa falsafa kwa mwalimu aliye Lamu

Mwalimu wa Langoni

Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Nasomesha Kiswahili na Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya upili hapa Lamu, na huu ni mwaka wangu wa sita. Shahada yangu ya kwanza ni ya ualimu, daraja la pili kiwango cha chini, na falsafa niliyoipata chuoni ni kozi mbili tu za falsafa ya elimu. Hata hivyo, tangu utotoni nimekaa barazani nikiwasikiliza wazee wakijadiliana kuhusu uadilifu na haki ya jirani, na swali lisiloniacha ni kama mazungumzo yale ni falsafa au ni mawaidha. Nataka kulisomea swali hilo kwa utaratibu. Nimeona chuo kimoja kikitangaza MPhil (Master of Philosophy) na kingine uzamili wa falsafa, nami sijui kama ni kitu kimoja. Je, daraja langu litanizuia? Na hadi mtu ahitimu, anatakiwa kutimiza nini?

Binti Mkomani

Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Naanza na hilo la jina kwa sababu limewapoteza wengi. MPhil ni shahada ya utafiti inayoweza kutolewa katika historia, kemia au hata kilimo. Neno la falsafa lililomo humo ni urithi wa zamani, kama lilivyo katika PhD. Usilipe ada ya maombi kabla ya kusoma jina la idara. Unachokitafuta wewe ni uzamili katika somo lenyewe la falsafa.

Kuhusu daraja, vyuo vingi vya Kenya humpokea moja kwa moja mwenye daraja la pili kiwango cha juu, na mwenye kiwango cha chini hutakiwa aonyeshe tajriba ya kazi inayohusiana na somo, mara nyingi miaka miwili. Wewe unayo zaidi ya hiyo, lakini ni idara itakayoamua kama kusomesha dini kunahesabiwa, kwa hiyo waandikie kwanza ukieleza kozi ulizosoma. Huenda wakakupokea kwa sharti la kusoma kozi za msingi, hasa mantiki. Ukipewa sharti hilo lipokee kwa moyo mweupe, kwani asiyejua kuichambua hoja atateseka katika kila kozi itakayofuata.

Masomo yenyewe kwa kawaida ni miaka miwili: mwaka wa kwanza wa kozi na mitihani, kama vile nadharia ya maarifa, metafizikia (uchunguzi wa asili ya vitu vilivyopo), maadili na falsafa ya Kiafrika, na wa pili wa tasnifu.

Msomi wa Malindi

Mwalimu, nyongeza ndogo. Ikiwa nia yako ni kupanda cheo kazini, linganisha pia na uzamili wa elimu katika falsafa ya elimu, ambao unakubaliana na shahada uliyo nayo. Ikiwa nia ni lile swali la barazani, basi usibadilishe njia.

Mstaafu wa Shela

Mwanangu, nilisomesha falsafa miaka mingi, na nakuambia kwamba penye watu kukwama ni kwenye tasnifu, si mlangoni. Pendekezo langu mwenyewe la utafiti lilirudishwa mara mbili, na kwa haki, kwa kuwa nilikuwa nimekusanya maneno ya wazee bila kuuliza swali lolote juu yake. Msome Henry Odera Oruka, aliyesomesha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995. Yeye aliwaendea wazee wenye hekima akahojiana nao, akatofautisha mzee anayehifadhi yale yanayosemwa na watu wake na mzee anayeyapima kwa akili yake, akayakubali au kuyakataa kwa sababu anazoweza kuzitetea. Tofauti hiyo ndiyo jibu la swali lako, au walau ndipo linapoanzia. Kwa hiyo usimwulize mzee wa barazani waswahili husema nini kuhusu haki. Mwulize yeye anaonaje, kisha umpinge kwa adabu usikie atajitetea vipi. Na kabla ya kumhoji mtu yeyote utahitaji leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, hata kama mzee huyo ni ami yako.

Mwalimu wa Langoni

Shukrani, Bi Mkomani, shukrani, Msomi, na shikamoo, mzee wangu. Nabaki na falsafa. Kesho naiandikia idara kuhusu kozi zangu na tajriba yangu, na nitauliza pia kama masomo ya mwaka wa kwanza yanaweza kufanywa wakati wa likizo, maana kila safari kwangu huanza kwa mashua hadi Mokowe, kisha basi. Mzee, nikishaandika kurasa mbili za swali langu, je, utaniruhusu nije hadi Shela uzisome?

Mstaafu wa Shela

Marahaba. Njoo baada ya alasiri, na uje na hoja moja ya mzee wako ambayo wewe huikubali.