Mfumo ukidukuliwa kupitia laibrari ya watu, alipe fundi au mwenye mali?

Gesti Paje:
Assalaam alaykum wote. Nijadilieni hili, matusi tuyaweke kando. Nna gesti ndogo Paje. Kijana mmoja alinitengenezea mfumo wa kupokea buking, nikamlipa haki yake, tukaagana vizuri. Juzijuzi wageni wangu wakaanza kupata ujumbe wa WhatsApp: jina sahihi, tarehe sahihi, chumba sahihi, wanaambiwa malipo hayakuingia, walipe upya kwa akaunti nyengine. Mmoja kalipa. Nimemwita kijana, kaangalia, ananambia msimbo wake mzima. Tundu, yaani kasoro wanayopitia wezi, limo kwenye laibrari ya bure aliyoichukua mtandaoni, yaani msimbo ulioandikwa na watu wengine, na marekebisho yalishatoka zamani ila hakuna aliyeyaweka. Sasa anataka pesa ndio ayaweke! Mie nauliza, si wakati tuwe na sheria hapa Zanzibar: anayeuza mfumo abebe dhamana ya kila kilichomo, kiwe chake au cha watu?

fundi_kikwajuni:
Wa alaykum salaam, pole mzee wangu. Ila dhamana mpaka lini, mpaka kiyama? Kumbukeni Log4j, Disemba 2021. Laibrari ya lugha ya programu ya Java, kazi yake kuweka kumbukumbu za mfumo tu. Mtu anaandika maneno fulani mahali pa jina, laibrari inayachukua kama amri, inakwenda kwenye seva ya adui, programu ya adui inaingia na kufanya kazi. Kwenye mchezo wa kompyuta wa Minecraft watu walitia kwenye chati tu, ikatosha. Tundu hilo likapewa alama ya hatari 10 juu ya 10. Tundu lenyewe lilikaa miaka, makampuni makubwa ya Marekani yanaitumia laibrari hiyo na hayajaliona. Wanaoitunza ni watu wa kujitolea. Sasa mie wa Kikwajuni ningelionea wapi?

Maalim Raha Leo:
Tuseme ukweli. Vijana wa siku hizi hawaandiki kitu. Wanashusha, wanabandika, wanapiga bei. 2016 kuna mtu alikasirika akaiondoa laibrari yake iitwayo left-pad, mistari 11, kazi yake kujaza nafasi kushoto mwa neno. Miradi maelfu duniani ikagoma. Mtu ana digrii yake, mistari 11 inamshinda?

fundi_kikwajuni:
Maalim, nakuheshimu, umewasomesha wengi humu, lakini hilo la kubandika limeniuma. Nijiandikie mwenyewe usimbaji wa nywila? Hapo ndipo gesti italiwa mchana kweupe. Mteja anakuja na laki tatu, anataka mfumo kama wa makampuni ya Ulaya, anautaka kabla ya Ramadhani. Niandike kila mstari kwa laki tatu?

Maalim Raha Leo:
Laki tatu umeikubali wewe. Hukushikiwa panga.

Bint Wete:
Mnagombania maganda. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, 2017: tundu la laibrari ya Apache Struts lilitangazwa Machi na marekebisho yakatoka Machi hiyo hiyo. Wezi wakaingia Mei kupitia tundu lile lile, wakachukua taarifa za watu kiasi cha milioni 147. Aliyeandika laibrari alishafanya kazi yake. Kwa hiyo swali ni marekebisho yakitoka nani kazi yake kuyaweka, na nani anamlipa. Ulaya washapitisha sheria 2024, majukumu yake makubwa yanaanza Disemba 2027: anayeuza bidhaa yenye programu ashughulikie matundu yake kwa muda wa huduma, pamoja na ya vipande alivyovichukua kwa wengine. Anayetoa kazi yake bure bila biashara habanwi hivyo. Mzee wa Paje, hilo ndilo unaloliuliza. Mkataba wako unasemaje?

Mtoto wa Fumba:
Ulaya, Ulaya! Shida yetu ni kutegemea cha mtu. 2009 waya wa umeme kutoka bara ulipoharibika, Zanzibar nzima tulikaa giza miezi sita. Laibrari za watu ni waya ule ule, na hamjajifunza.

Bint Wete:
Zanzibar nzima ipi, yakhe? Pemba mwaka ule hatukuwemo kwenye waya wenu. Tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha, umeme unakuja unakwenda kama ulivyozoea, na waya wetu kutoka Tanga tumeupata 2010. Kila la Unguja mnaliita la Zanzibar nzima. La Pemba ndo linabaki la Pemba.

Mtoto wa Fumba:
Haya dada, nyie mlikuwa na taa, sisi vibatari. Hoja iko pale pale.

Bwana Malindi:
Na miezi sita si kweli. Disemba 2009 mpaka Machi 2010, mitatu. Kabla yake kulikuwa na lile la 2008, Mei mpaka Juni, kiasi cha mwezi. Mie nikiuza samaki wa friza wakati ule, tarehe hizo zimo kichwani. Pweza nilimwaga kwa ndoo.

Mtoto wa Fumba:
Mitatu, sita, giza ni giza.

Bwana Malindi:
Si kwa kila mtu. Kuna waliotajirika na giza lile. Jenereta dogo la Darajani, asubuhi bei hii, alasiri bei nyengine. Mnawajua.

Bint Wete:
Tunawajua nani? Wataje. Ukisema wenye maduka Darajani unataka kusema Wapemba, sema kwa mdomo uliojaa.

Bwana Malindi:
Sijataja mtu. Nimetupa jiwe gizani, anayesema yalaa ndiye lililompata.

Bint Wete:
Na wewe pweza ulimuuza bei ile ile siku ya mwanzo ya giza na siku ya arobaini? Tueleze.

fundi_kikwajuni:
Jamani! Huo waya mnaougombania, 2013 ukaongezwa mwengine wa megawati 100 kwa msaada wa Marekani. Hakuna aliyesema tukate, turudi vibatari. Na laibrari ni hivyo hivyo, unazitumia lakini unajua unazo ngapi na zinatoka wapi.

Kwerekwe Mjanja:
Mbona jambo jepesi. Apdeti kila kitu kila siku, kwisha habari. Kazi ya dakika tano, fundi anayedai pesa kwa hilo ni mwizi.

fundi_kikwajuni:
Mwizi nani? Wewe umesikia habari ya xz? Mtu aliyejiita Jia Tan alijitolea zaidi ya miaka miwili kusaidia laibrari ya kubana mafaili kwenye Linux, akaaminiwa, kisha akatia mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Machi 2024 injinia wa Microsoft, Andres Freund, akaona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde, akafukua mpaka akaukuta. Hatarini walikuwa wale waliokimbilia toleo jipya. Na Heartbleed, tundu la OpenSSL, laibrari ya usimbaji, 2014, waliobaki na toleo la 0.9.8 haikuwagusa kabisa.

Maalim Raha Leo:
Kumbe uvivu nao ni ulinzi. Leo nimesoma.

Kwerekwe Mjanja:
Basi fundi katuhalalishia kutofanya kazi na bado anadai mshahara. Hongera.

Bint Wete:
Toleo jipya ni jambo moja, tangazo la tundu ni jambo jengine. Toleo lenye mapambo mapya liache siku kadhaa, wengine walionje. Tundu lililotangazwa huliachi lilale. Na hata hapo hujamaliza: Log4j walitoa 2.15.0, haikutosha, ikaja 2.16.0, ikaja 2.17.0, ikaja 2.17.1, yote Disemba ile ile moja. Aliyeweka ya mwanzo akenda zake shamba alijiona kasalimika. Ndio maana nasema ni kazi ya kila mwezi, na kazi ya kila mwezi ina malipo ya kila mwezi.

Gesti Paje:
Kwa hiyo mwisho wake mnanambia nimlipe. Nilikuja na suala la sheria, nimesomeshwa historia ya umeme. Mkataba hatukuandikiana, kijana ni mtoto wa jirani, tulipeana mikono. Yule mgeni aliyelipa mara mbili nimemrudishia kutoka mfukoni mwangu. Hilo nani atanirudishia? Hata mmoja hajajibu.

fundi_kikwajuni:
Mzee, kabla ya kurudishiwa. Huo mfumo saa hizi uko hewani?

Gesti Paje:
Uko. Msimu huu, nauzima vipi?

Bint Wete:
Uzime leo, mjomba. Buking pokea kwa simu, andika daftarini. Bado wanasoma majina ya wageni wako wakati sisi tunaandika hapa. Kijana mpe kidogo aweke marekebisho, kisha muandikiane.

Bwana Malindi:
Na pweza wangu alikuwa bei ile ile. Sikupandisha, mashahidi ninao.

Gesti Paje:
Kundi la Wataliana linafika kesho, na limelipa kupitia humo humo. Nitazima Ijumaa.