"Mikarafuu imetununia": tashihisi au sitiari?

Binti wa Wete
Assalaam alaykum. Nasoma kidato cha tatu, skuli moja ya huku Wete, Pemba. Tumeambiwa tukusanye tamathali za semi kutoka majumbani kwetu, tusinakili vitabuni. Usiku tulikuwa jamvini tunachambua karafuu, zenyewe upande wake na makonyo, vile vijiti vyake, upande wake. Bibi akalitazama fungu letu, dogo kuliko la mwaka jana, akasema: "Mwaka huu mikarafuu imetununia." Nikaandika tashihisi, yaani kisicho mtu kupewa utu. Mwalimu kanitilia kosa, pembeni kaandika "sitiari". Limeniuma. Na mwenzangu kapata vyema kwa "Baba alirudi kama saa kumi", eti tashbiha, yaani mfananisho, kwa kuwa ina "kama". Nisaidieni wakubwa zangu.

Mwalimu mstaafu, Chake Chake
Waalaykum salaam mwanangu. Umejibu sawa, na mwalimu wako naye hakupotea mbali. Tashihisi ni tawi la sitiari: kununa ni kwa binadamu, bibi kauazimisha mti. Ila ukiulizwa, taja jina lililo karibu zaidi, na hapo ni tashihisi. Angesema "karafuu ni dhahabu yetu", ingekuwa sitiari tupu, maana kitu kimeitwa kitu kingine na hakuna kilichopewa utu.

Ile ya saa kumi nakataa kabisa. "Kama" hiyo ni ya kukadiria. Hata "Ali mrefu kama kaka yake" si tashbiha, mtu kapimwa kwa mtu. "Ali mrefu kama mnazi", hapo vimekutana viwili vya jinsi mbalimbali. Tena tashbiha haiishii kwenye "kama": ipo mithili ya, mfano wa, na katika tenzi za kale utaikuta "ja".

Mama wa Mkoani
Mwanangu, majina hayo sikuyasoma, ila karafuu nazijua. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ukishazaa sana, hupumzika. Muulize bibi yako kwa nini kasema imenuna, asiseme imekufa au imechoka. Mtu mzima hachagui neno bure.

Binti wa Wete
Ahsanteni sana. Nimemuuliza. Kanijibu huku anapepeta: "Aliyekufa huzikwa. Aliyenuna hubembelezwa." Nimeliandika daftarini chini ya lile kosa, nimpelekee mwalimu Jumatatu. Kesho alfajiri bibi kasema tubebe majembe, twende tukapalilie.